Damu Moja, Watoto Wawili: Kwa Nini Hawaugui Sawa?

Akina mama wenzetu, hivi karibuni tulikwenda kumjulia hali mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa ametoka hospitali. Tulimkuta ameketi mkekani, mtoto amemlaza mapajani, na binti yake mkubwa akichambua mchicha karibu na mlango. Watoto hao wawili ni wa baba mmoja na mama mmoja. Wote wawili walipimwa damu wakiwa wadogo, na majibu yao yalikuwa yaleyale: SS, yaani sikoseli, ugonjwa ambao siku hizi huitwa pia selimundu.

Lakini ukiwaona watoto hao huwezi kudhani wana ugonjwa mmoja. Binti, mwenye miaka 9, ni mwembamba, macho yake yana umanjano, na hapiti mwaka bila kulazwa mara tatu au nne kwa maumivu ya mifupa. Mdogo wake, mwenye miaka 6, alikuwa akicheza mpira na wenzake tangu asubuhi hadi jioni. Mawifi wakasema, "Huyu haumwi, hao wa maabara walikosea." Majirani nao wakasema kwamba ameponywa, kwa nini aendelee kupewa vidonge? Mama akaona wanasema kweli. Akaacha kumpeleka kliniki, vidonge vikakaa kabatini, na chandarua akapewa mgeni.

Ndipo usiku mmoja mtoto akapatwa na homa. Kulipopambazuka alikuwa mweupe viganjani na midomoni, tumbo limejaa upande wa kushoto. Ilikuwa malaria, na damu ilikuwa imeshuka vibaya. Kwa rehema za Mungu, alifikishwa hospitali mapema, akaongezewa damu, akapona.

Tulipokuwa tukiagana, mama huyo alituuliza swali moja: "Kama wote wana SS, mbona hawafanani?" Hatukuwa na jibu siku hiyo. Tuliahidi kulitafuta, na makala haya ndiyo jibu tulilopata.

Neno lililotokana na maharage

Wataalamu wa urithi wana maneno mawili ambayo kila mama angefaa kuyajua. La kwanza ni jenotipi, yaani yale mtoto aliyopokea kwa wazazi wake, yaliyoandikwa katika vinasaba, au jeni kama wengine wanavyoviita. La pili ni fenotipi, yaani yale yanayoonekana au kupimika katika mtu mwenyewe: urefu wake, rangi ya macho, kundi la damu, kiasi cha sukari mwilini, homa anazopata, maumivu anayoyasikia. Neno hilo limetokana na Kigiriki, na sehemu yake ya kwanza ina maana ya kuonyesha au kuonekana.

Aliyeyatoa maneno hayo mwaka 1909 ni mtaalamu wa mimea wa Denmark, Wilhelm Johannsen. Naye hakuyapata kwa kutazama watu, bali kwa kupima maharage! Ua la mharage kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo, ukichukua punje moja ukaipanda, ukapanda na watoto wake, na wajukuu wake, unapata ukoo ambao wote wana urithi uleule. Hata hivyo, Johannsen aliona kwamba punje za ukoo mmoja hazikulingana. Nyingine zilikuwa kubwa na nyingine ndogo.

Je, kubwa zingezaa kubwa, na ndogo zingezaa ndogo? Alizipanda zote. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1903 yalionyesha kwamba, ndani ya ukoo mmoja, watoto wa punje kubwa na watoto wa punje ndogo walikuwa na uzito wa wastani ulio sawa. Tofauti iliyokuwa ikionekana haikutoka katika urithi. Ilitokana na udongo, maji, jua, na mahali punje ilipokaa ndani ya ganda lake.

Sisi tunaolima maharage tunalijua jambo hili bila kwenda shule. Mbegu ileile, shamba lenye samadi na shamba lililochoka havitoi mavuno sawa. Johannsen alichofanya ni kutupatia majina mawili, ili tusichanganye kilichorithiwa na kinachoonekana.

Nini kinarithiwa katika sikoseli?

Hebu sasa turudi kwa watoto wetu. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kitu kiitwacho himoglobini. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Mtoto hupokea maagizo ya kutengeneza himoglobini kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, nusu kwa nusu. Agizo la kawaida huitwa A, na agizo la sikoseli huitwa S.

Tofauti kati ya A na S ni ndogo mno. Katika mnyororo wenye vijenzi 146, ni kijenzi kimoja tu kilichobadilika, cha sita. Mtaalamu Vernon Ingram aligundua jambo hilo huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1956 na 1957. Lakini badiliko hilo dogo hufanya himoglobini ishikamane inapopungukiwa na hewa, na chembe ya damu iliyokuwa mviringo hujikunja kama mundu wa kuvunia. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza. Tena hufa upesi, na mtoto hupungukiwa na damu.

Mwenye AA hana sikoseli. Mwenye SS anayo. Mwenye AS amebeba agizo moja la sikoseli, lakini kwa kawaida huishi maisha yake yote akiwa na afya, asijue kwamba analo.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS, nafasi mbili kati ya nne za AS, na nafasi moja kati ya nne ya AA. Tunasema "kila mimba" kwa makusudi. Wapo wanaodhani kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. La hasha! Hesabu huanza upya kila mara.

Na hapa tuseme wazi jambo ambalo limevunja ndoa nyingi. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba na S moja kwa mama. Hakuna ukoo wa kulaumiwa, wala tumbo la kulaumiwa. Mama mkwe anayesema, "Kwetu hakuna ugonjwa huu, umekuja nao wewe," hajui kwamba mwanawe naye amebeba nusu yake, na kwamba huenda yeye mwenyewe, au mumewe, ndiye aliyempa.

Urithi mmoja, sura nyingi

Sasa tulikaribie swali la mama yule. Watoto wake wana jenotipi moja, SS. Lakini fenotipi zao ni mbali na mbali. Mmoja analazwa kila mara. Mwingine anacheza mpira. Wengine wenye SS hupatwa na kiharusi wangali wadogo, na wengine hufika utu uzima wakiwa wameugua mara chache. Kwa nini?

Sababu moja iligunduliwa kwa kuwatazama watoto wachanga. Mwaka 1948, daktari mwanamke wa watoto huko Brooklyn, New York, Janet Watson, aliandika kwamba watoto waliozaliwa na sikoseli walikuwa na chembe chache tu zilizojikunja, na hawakuugua katika miezi ya mwanzo. Alipendekeza kwamba kuna kitu kinachowalinda, nacho ni himoglobini ya mimba.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo haishikamani kama ile ya sikoseli. Baada ya kuzaliwa, mwili huiacha polepole, na kufikia karibu miezi sita nyingi yake imekwisha. Ndipo vidole vya mikono na miguu vinavimba, mtoto analia usiku kucha, naye mama anashangaa, "Mwanangu alizaliwa mzima, mbona amebadilika?" Ni mama wangapi waliotumia fedha zao zote kwa waganga wakimtafuta aliyemroga mtoto aliyekuwa mzima? Hakuna aliyemroga. Urithi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kinachoonekana, kwa sababu kinga aliyozaliwa nayo imepungua.

Lakini himoglobini ya mimba haiishi sawasawa kwa watu wote. Wako wanaobaki na kiasi kikubwa hata ukubwani, na hao mara nyingi huugua kwa nafuu. Kiasi hicho nacho hutegemea vinasaba vingine, ambavyo ndugu wawili huweza kurithi tofauti. Kwa mfano, wagonjwa wengi wa mashariki ya Saudi Arabia wana himoglobini ya mimba kwa wingi, na ugonjwa wao huwa mwepesi kuliko wa sehemu nyingine.

Kisha kuna mambo yasiyo ya vinasaba kabisa: malaria, baridi, kukosa maji ya kunywa, magonjwa ya kuambukiza, chakula, na umbali wa nyumba kutoka kituo cha afya. Ni kama udongo na jua katika shamba la Johannsen. Yote hayo hushiriki kuamua mtoto ataonekanaje.

Kwa hiyo yawezekana kabisa mvulana yule ana kinga ya aina hiyo iliyobaki, ambayo dada yake hana. Afya yake haikuwa uongo. Lakini haikuwa na maana kwamba SS imeondoka. Maabara walikuwa wamesema kweli, na macho ya majirani pia yalikuwa yameona kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kinachoonekana ndicho chote kilichomo.

Unaona nini? Inategemea unapotazama

Mtazame mwenye AS akitembea barabarani: ni mzima. Ichukue damu yake, uinyime hewa chini ya darubini: utaona chembe zikijikunja. Pima himoglobini yake: utakuta aina mbili, A na S. Basi, je, ana sikoseli au hana? Kwa mwili wake, hana. Kwa darubini, kuna dalili. Ndiyo maana kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe hujikunja hakitoshi, kwa kuwa hakitofautishi AS na SS. Tena kwa mtoto aliye chini ya miezi sita kinaweza kudanganya, kwa sababu ya ile himoglobini ya mimba. Mwombe daktari kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini.

Kuna mahali pengine pa kutazama, nako ni kwetu hapa Afrika Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba AS ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza, je, si kule kwenye mbu wengi? Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtu na malaria. Leo tunajua kwamba humkinga hasa mtoto na malaria kali. Ndiyo sababu agizo la S limedumu katika nchi zetu, ingawa linaua.

Lakini tahadhari, mama! Kinga hiyo ni ya mtoto wa AS. Mtoto wa SS akipata malaria yuko katika hatari kubwa, kwa maana damu yake ni chache tangu mwanzo. Hilo ndilo lililokaribia kumwondoa mvulana wa rafiki yetu.

Watafiti wanahitaji macho ya akina mama

Siku hizi vinasaba husomwa kwa mashine kwa muda mfupi. Kazi ngumu iliyobaki ni kueleza fenotipi kwa usahihi. Daktari mmoja akiandika "maumivu", mwingine "homa ya mifupa", na wa tatu "kuvimba vidole", nani atajua kama wanasema jambo moja? Ndiyo maana mwaka 2008 wataalamu walioanzia Berlin, Ujerumani, walitoa kamusi maalumu ya fenotipi za binadamu, ili kila dalili iitwe kwa jina moja.

Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Daktari Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa wa sikoseli na kuwafuatilia mwaka baada ya mwaka: uzito, damu, kulazwa, maumivu. Mwaka 2017 wataalamu wa Tanzania, Ghana na Nigeria walianza daftari la pamoja, wakakubaliana namna moja ya kuandika.

Je, kazi hiyo ina faida gani? Tazama hili. Watafiti waliwapima watu wengi himoglobini ya mimba, kisha wakalinganisha vinasaba vyao. Mwaka 2007 na 2008 waligundua kinasaba kimoja, BCL11A, kinachoizima himoglobini hiyo baada ya mtoto kuzaliwa. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, kinasaba hicho hudhoofishwa kazi yake katika chembe za damu, kisha hurudishwa mwilini. S bado ipo palepale. Kilichobadilika ni kinachoonekana: maumivu yanatoweka kwa wengi wao. Kwa bahati mbaya tiba hiyo ilipangiwa huko Marekani bei ya zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, na familia zetu haziwezi kuifikia.

Lakini iko dawa ya vidonge au kapsuli, haidroksiyurea, ambayo pia huongeza himoglobini ya mimba. Zaidi ya watoto 600 waliitumia katika utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Matokeo yaliyotolewa Desemba 2018 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, pia malaria, kuongezewa damu, na vifo. Dawa hiyo hutolewa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara; si ya kununua dukani kwa kuambiwa na jirani.

Hata dawa ya zamani ina kazi yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo wenye SS ilipunguza maambukizo makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, vijana wanaotaka kuoana wapime mapema, kabla posa haijapokelewa, ili waamue wakijua. Wachungaji na akina mama wasimamizi wa mabinti wanaweza kusaidia sana hapa.

Pili, mtoto wa SS asiachishwe kliniki kwa sababu anaonekana mzima. Ale vidonge alivyoandikiwa, alale ndani ya chandarua, anywe maji kwa wingi, avae nguo za joto wakati wa baridi, apate chanjo zote. Kusali tusali, na dawa tuendelee nayo. Sala haijapata kugombana na kidonge.

Tatu, mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama, upande wa kushoto wa tumbo chini ya mbavu. Ikivimba ghafla, au mtoto akipata homa, akiwa mweupe viganjani, akishindwa kupumua vizuri, au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, usingoje kuche. Nenda hospitali.

Nne, weka daftari. Andika tarehe ya homa, mahali palipouma, siku alizolala, dawa aliyopewa, na kilichotangulia: mvua, safari, mchezo. Daktari humwona mtoto kwa dakika chache. Wewe unamwona usiku na mchana. Hakuna mashine inayoijua fenotipi ya mwanao kukushinda.

Tulirudi kwa mama yule tukamweleza hayo yote. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Basi sikumzaa mmoja mzima na mmoja mgonjwa. Nimewazaa wawili, kila mmoja na njia yake." Akamwita binti yake amletee daftari la shule lililobaki na kurasa. Ukurasa wa kwanza akaandika jina la msichana, na katikati ya daftari akaandika la mvulana. Kisha akafungua kabati akatoa vidonge.